Giligilani Mbichi Juu ya Kochi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na kanzu nilikuwa nimeivaa. Nawaandikia nikiwa nje, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani kwa sasa hapakaliki. Nitaeleza kwa utaratibu, kama ninavyopanga majalada ofisini (mimi karani wa masjala, mnanijua), ili kesho mtu asije akaongeza chumvi. Chumvi iliyopo inatosha.

Wengi wenu mnajua nimeposa. Binti anaitwa Zuhura, anafundisha shule ya msingi hapa Kibaha, kwao Vihingo, Kisarawe. Barua ya posa aliipeleka Mzee Chande, jirani yangu, ndiye mshenga. Jibu halikuja. Ilikuja taarifa kwamba kabla ya jibu, Shangazi Tatu atafika kuona nyumba. Ukoo wao ndivyo ulivyo: baba anasoma barua, shangazi anakagua mahali atakapolala mtoto wao. Shangazi akikataa, hata baba hana rufaa. Nampenda Zuhura, nalisema waziwazi, na wiki nzima hii nimekuwa nikimwogopa mwanamke ambaye sijawahi hata kumwona.

Silaha yangu ilikuwa moja tu. Giligilani.

Mnaosoma hapa mmeshazichoka picha zake. Nilianza kwa ujinga, nikanunua mbegu dukani kwenye viungo, nikazizika nzimanzima kwenye ndoo za rangi, nikamwagilia wiki tatu. Nilikuwa namwagilia udongo. Mama Neema, wa nyumba ya pili, akaja akacheka (yeye hucheka kwanza, ushauri hufuata). Akaniambia, "Iddi, hicho kiduara kimoja kina mbegu mbili ndani. Kipasue kwa chupa, ulaze kwenye maji usiku mmoja, ndiyo upande." Nikapasua, nikalaza. Siku ya kumi zikachungulia. Tangu hapo sikula kitu bila majani yake. Kachumbari, maharage, mayai ya kukaanga. Kwenye chai nilijaribu mara moja, sirudii.

Lakini giligilani na jua la Kibaha hazipatani. Ukizubaa kidogo imeshapanda juu, majani yamekuwa membamba kama nyuzi, imetoa maua meupe, kisha vinafuata viduara vya kijani. Hapo ndipo nilipopata wazo. Shangazi Tatu atakula pilau yenye giligilani niliyopanda kwa mkono wangu, kutoka kwenye ndoo hadi kwenye sinia! Nikamtuma Mzee Chande awafikishie habari hiyo Vihingo. Akaifikisha. Ikageuka ahadi.

Tatizo, mgeni anakuja Jumamosi na mbegu bado mbichi. Halafu kuna kuku wa mtu (simtaji, yumo humu) walikuwa wameanza kuzidonoa. Basi Jumatatu jioni nikashika kisu.

Mama Neema akanikuta. "Unakata nini? Subiri zigeuke rangi ya udongo. Mbichi zinanuka hizo."

"Zinanuka nini?"

"Utajua mwenyewe."

(Angenitajia tu. Neno moja. Leo ningekuwa mtu.)

Nikazifunga mafungu sita, nikayaning'iniza sebuleni, kwenye kamba inayopita dirishani, juu ya kochi, jua linapoingia asubuhi. Siku ya kwanza nilisikia harufu nzito kidogo. Siku ya tatu sikusikia kitu. Pua ya mwenye nyumba huzoea mapema.

Leo nimeamka alfajiri. Nimepiga deki mara mbili. Nimechoma udi. Kochi nimelivalisha vitambaa vyeupe vya kufuma. Kochi lenyewe ni geni kwangu, nimelitoa Mlandizi wiki mbili zilizopita kwa mtu aliyekuwa anahama. Mbao ya mninga, zito, la heshima. Halafu nikaingia jikoni. Nikapukutisha mbegu zilizokauka zaidi, nikakaanga, nikatwanga na bizari nyembamba, pilau ikanukia mpaka Mama Neema akachungulia ukutani.

Saa sita na nusu bajaji ikasimama. Mzee Chande alikuwa amekwenda kumpokea mgeni kituoni Kwa Mathias. Shangazi Tatu ni mwembamba, mrefu, kajifunga mtandio mweupe pe. Miwani yake, alisema, ameisahau Vihingo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo shangazi, karibu, karibu ndani."

Akaingia kwa mguu wa kulia. Akasimama. Akavuta pumzi mara mbili, fupi fupi.

"Humu kuna nini?"

"Pilau, shangazi!" Nilijibu kwa fahari.

"Pilau naisikia. Nauliza hiki kingine."

"Labda udi."

"Udi naujua."

Akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Mzee Chande yeye akajitupa katikati akajinyoosha. Nikaleta juisi ya ukwaju. Shangazi akaishika, hakuinywa.

"Unalala vizuri nyumba hii, mwanangu?"

"Nalala fofofo, shangazi."

"Huwashwi?"

Nikaona hapa niwe mkweli, wakwe hupenda mkweli. "Kidogo tu. Mbu wa Kibaha hao. Nimeshawazoea."

Akamtazama Mzee Chande. Mzee Chande akatazama dari.

"Naomba nione chumbani," Shangazi akasema.

Nikampeleka. Alichofanya humo sijawahi kuona hata kwa afisa afya. Alipindua godoro. Alichungulia chaga za kitanda moja baada ya nyingine, akapitisha kidole pembeni, akakinusa. Akafunua foronya. Mimi nimesimama mlangoni natabasamu. Nilijiambia, mama huyu anapenda usafi, nimepata ukoo. Hakukuta kitu, na badala ya kufurahi akazidi kukunja uso.

Tukarudi sebuleni.

"Hebu baba, inua huu mto."

Nikainua mto wa kochi. Pale kwenye mkunjo kulikuwa na viduara vidogo, vingine vya kahawia, vingine vya kijani kilichofifia. Siku tano mafungu yale yalikuwa yakidondosha mbegu, na zote zimejikusanya humo. Mimi nilizitambua papo hapo. Nilitaka hata kucheka.

Shangazi Tatu hakucheka. Alichukua kimoja, akakisogeza jichoni, akakiweka juu ya ukucha wa kidole gumba, akakibana kwa ukucha wa pili. Kikalia. Akanusa.

"Mzee Chande," akasema taratibu, "ondoka hapo."

Mzee Chande ana goti bovu tangu nimfahamu. Leo aliruka.

"Mwanangu," Shangazi akanigeukia, "kunguni hawa unalala nao wewe, sawa. Umesema mwenyewe umeshawazoea. Ndiyo unataka kumleta mtoto wetu huku?"

Kwetu Kondoa mtu akikuita mwizi unaweza kubisha, lakini akisema una kunguni unahama mtaa.

"Shangazi, hiyo ni giligilani!"

"Giligilani naijua mie. Nilianza kuipika hujazaliwa. Giligilani inanukia. Hii inanuka kunguni, na kunguni namjua vilevile."

"Wallahi giligilani!"

"Usiape, baba."

Niliona midomo yake inaanza kuunda ile hapana. Zuhura wangu anaondoka hivi hivi, kwa ajili ya kiungo cha pilau! Nikainama, nikachota kiganja kizima kutoka kwenye mkunjo wa kochi, nikajaza mdomo, nikatafuna mbele yake. Nilitafuna kwa sauti. Nikameza.

"Umeona? Giligilani!"

"Astaghfirullah," akasema Mzee Chande, na akafumba macho.

Shangazi Tatu alikuwa ameshafika mlangoni. Hapo akili ikanirudia (ilichelewa, lakini ilikuja), nikarukia kamba, nikashusha fungu zima la giligilani na matawi yake, nikampa mkononi. Akalitazama. Akachuma kiduara kibichi, akabana, akanusa. Akachuma kingine upande wa pili, kama anayekagua nazi sokoni, akabana, akanusa.

Kisha akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Kumbe mbichi ndiyo inanuka hivi! Mie maisha yangu yote nainunua kavu dukani! Na wewe baba ndiyo ukatafuna?"

Mzee Chande akafumbua jicho moja. Nami, watu wangu, nikaota mabawa. Nikamweleza Shangazi habari za kupasua kwa chupa, za kulaza kwenye maji, za kutafuta kivuli mchana, utadhani mimi bwana shamba wa wilaya. Akasema atapanda Vihingo, karibu na kisima, na mwaka huu atasubiri zikauke shambani, sio kama watu wengine. Nikamfungia fungu zima kwenye gazeti. Akakaa. Safari hii alikaa kweli, akaegemea, akaweka mkoba pembeni.

Nikaleta sinia. Akala. "Pilau umeiweza," akasema. "Zuhura hatalala njaa." Mzee Chande akanipa jicho, lile la mshenga anayejua kazi imekwisha. Nilifurahi, siwezi kuficha, machozi yalinilenga. Mdomoni bado kulikuwa na uchungu fulani hauondoki, nikajua ni ule ubichi.

Ndipo nikaona mbegu moja ya giligilani begani kwa Shangazi, juu ya mtandio mweupe. Nikataka kuitoa kwa adabu. Nikasita, maana ilisogea.

Nikapepesa macho. Ikasogea tena, kuelekea shingoni.

Nikaanza kuongea haraka haraka kuhusu samadi. Samadi ya mbuzi ni bora kuliko ya ng'ombe, shangazi, kwa sababu hii na hii. Sikuwa hata najua nasema nini. Macho yangu ndiyo yaliyoniumbua, hayakubanduka pale begani. Akayafuata. Akageuza shingo, akaangalia, na bila miwani akaona vizuri kabisa.

"Iddi mwanangu."

"Naam shangazi."

"Giligilani yako inatembea."

Tulilipindua kochi wote watatu. Mzee Chande akachana kitambaa cha chini. Sitaeleza niliyoyaona, wengine mnakula. Ulikuwa ukoo mzima, mababu, wajukuu na vilembwe, wametoka Mlandizi wamepanda gari bure, wamekaa kwangu wiki mbili. Mimi kuwashwa nasema mbu. Kukisikika harufu, nasema giligilani hiyo. Mama Neema, aliyekuja kwa ajili ya kelele, alisimama mlangoni, akacheka kwanza kama kawaida yake. Ushauri hakutoa.

Halafu Mzee Chande akaacha kuchana. Nilimwona wazo likimfikia. Akanitazama kwa huruma ambayo sijapata kuiona usoni mwake.

"Iddi," akaniuliza, "ule mkunjo uliochota ulikuwa wa upande gani?"

Nikaonyesha. Akatazama upande huo. Hakuniuliza tena.

Shangazi Tatu alimalizia pilau yake uani, amesimama, sahani mkononi (chakula hakitupwi, alisema). Alikung'uta mtandio mara tatu, akakung'uta na mkoba, akapanda bajaji na fungu lake la giligilani. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Nilimwambia shikamoo badala ya kwaheri. Akaitikia tu.

Saa tatu nilizokaa juu ya ndoo hii zimekuwa ndefu. Kochi lipo nje linachomwa jua. Nimesukutua mdomo kwa chumvi, kwa ndimu, kwa majani ya mpera. Nilishajiona nimerudi Kondoa nawaeleza wazazi kwa nini posa imevunjika, na sikupata namna ya kuanza.

Sasa hivi Mzee Chande ametoka kusomewa jibu kwa simu na amenisomea na mimi, neno kwa neno. "Kijana tumempokea. Mtu aliyetafuna kunguni mbele ya mkwe ili asikose mtoto wetu, hatuna mtihani mwingine wa kumpa. Kochi alichome moto."

Kwa hiyo nimekubaliwa. Wale ambao bado mnacheka, mtacheka na harusini, tafadhali malizeni kabisa huku ili kule mle kwa utulivu.

Zuhura naye ameniandikia. Nilitegemea maneno matamu. Ameandika mstari mmoja: "Ila niambie ukweli, zote zilikuwa giligilani?"

Nimemjibu mtandao unasumbua.