Firigisi Iliyokwenda Ngara

Jumatano, 8 Novemba 1995. Nyabusozi.

Mvua imetulia na nyasi zimefika kifundoni. Leo nimezindua kizimba. Mbao, waya, nusu ya bati, sakafu hakina. Kila asubuhi kitasogezwa hatua chache, ili kuku wale majani mabichi na wadudu, na samadi waimwage wenyewe panapohitajika. Ufugaji wa malishoni! Niliusoma katika jarida la kilimo kule seminari, nilikofundisha Kilatini hadi nilipostaafu.

Kusudi rasmi: mayai na nyama. Kusudi lisilo rasmi siliandiki.

Ni Ildefonsa.

Mke wangu, Mama Priscila, ni mkunga. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka pale Rusumo mwaka jana, yuko kambini Ngara, kwa ajira ya shirika. Mkataba unakwisha mwezi huu. Wamemtaka aongeze mwaka mzima, bado hajawajibu. Alipokuja mara ya mwisho alilalamika kwamba mayai ya kule yana kiini cheupe kama jicho la mgonjwa. Nilisikia, nikaweka akilini. Hoja yangu ni hii: mtu hukaa palipo na kiini cha njano. Kumwandikia barua ya kumsihi arudi ni jambo ambalo sitalifanya. Anayesihi amekwisha kushindwa. Anayevuta bado anafikiri.

Alhamisi, 9 Novemba.

Nimesogeza kizimba. Kuku wakashinda nje wakila kwa adabu. Jioni, badala ya kuingia, walirudi wote pale kizimba kilipokuwa jana, wakajipanga juu ya ardhi tupu, wakaitazama nyumba isiyokuwepo. Mvua ikaanza. Niliwabeba mmoja mmoja.

Jirani yangu Agripina alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa, akifurahia. Aliuliza kuku wangu wametoroka kambi ipi. Akasema hata mkimbizi huonyeshwa turubai lake na kuachwa alale. Nilimjibu kwa Kiswahili fasaha kwamba kuku wake hulala jikoni na kula majivu. Akasema ndiyo, Mwalimu, lakini wanalala. Kisha akauliza Mama Priscila anarudi lini. Nikasema karibuni. Akasema, “Mm.”

Nimesoma lugha nne. Hakuna hata moja ambayo kwayo “Mm” ya Agripina inaweza kujibiwa.

Jumamosi, 11 Novemba.

Mayai ya kwanza! Nimepasua moja kwa ajili ya uchunguzi: kiini cha rangi ya jua la saa kumi na mbili. Nililitazama mpaka likapoa kikaangoni. Ildefonsa angepiga kofi moja la furaha na kucheka. Huwa anapiga kofi moja tu, kamwe si mawili.

Yaliyobaki nimeyapanga kikapuni, katikati ya nyasi laini, nikayapeleka Biharamulo stendi na kumkabidhi Bukuru, kondakta wa basi la Ngara.

Jumapili, 12 Novemba.

Bukuru amerudi. “Mzee, mayai yamefika, ila hayakufika kama mayai.” Magari siku hizi hupita msituni kwa msafara, yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Askari wa basi letu alikosa kiti. Akaona kikapu.

Ildefonsa amenishukuru kwa nyasi.

Jumanne, 14 Novemba.

Nimefikiri upya. Kosa halikuwa katika nia bali katika ganda. Leo nimechinja jogoo, nikambanika na kumkausha kwa moshi, akawa mgumu kiasi cha kukaliwa na kikosi kizima. Na ndani yake nimeacha firigisi kabla ya kumkabidhi Bukuru.

Hapa ndipo penye akili. Kwetu firigisi ni ya mume, awe mezani au awe mbali. Mwanamke akiila, husemwa. Akimpa mwanamume mwingine, hasemwi: wazee huitwa. Basi Ildefonsa, akiifungua nyama na kuikuta, ana njia tatu. Kuila: haiwezekani. Kuigawa: Mungu apishe mbali. Kuileta nyumbani kwa mwenyewe: ndiyo pekee iliyobaki. Naye akifika na firigisi, atakuwa amefika yeye. Mantiki haina mlango wa nne.

Jogoo wa Agripina ameanza kulala katika kizimba changu. Nimemwachia. Leo nina huruma kwa kila kiumbe.

Alhamisi, 16 Novemba.

Bukuru amerudi peke yake.

Kwa ushahidi wake, Ildefonsa alipokea mzigo kwa mikono miwili, akacheka, akaupika, akawakaribisha wenzake wa zahanati. Niliuliza, kwa utulivu, kuhusu firigisi. Bukuru akasema hakuiona, ila tabibu mmoja, mkimbizi aitwaye Jean Paul, alikuwa akitafuna kitu kwa muda mrefu sana.

Kwa muda mrefu sana! Ni kiungo kimoja tu cha kuku kinachodai hivyo.

Sikula. Nimesogeza kizimba mara mbili mchana huu, bila sababu ya kitaalamu. Agripina ameuliza kama naumwa. Nikasema nafikiri. Akasema basi ninywe uji, fikra za tumbo tupu huzaa vita.

Ijumaa, 17 Novemba.

Ngara. Nilivaa koti la seminari na kuandaa maswali matatu, yenye mpangilio, yenye heshima.

Maturubai ya bluu yamefunika vilima mpaka jicho linapochoka. Nilimkuta nje ya zahanati, mikono ina sabuni hadi kwenye viwiko, mbele yake foleni ndefu ya akina mama wenye mimba. Amekonda. Ameanza kufunga kilemba kwa namna nisiyoijua. Maswali yangu matatu yakanitoka. Likabaki moja ambalo sikuliandaa, nikaliuliza kwa sauti ya darasani:

“Firigisi imeliwa na nani?”

Kisha swali likatafsiriwa, mama kwa mama, hadi mwisho wa foleni. Na kicheko kikarudi kwa njia ileile.

Akatoka Jean Paul. Mzee wa mvi, mwenye meno manne. Anatafuna kila kitu kwa muda mrefu. Nilimpa shikamoo kabla sijajizuia.

“Nimeila mimi, Baba Priscila,” alisema Ildefonsa. “Nilikuwa nimetoka kuzalisha mapacha, nina njaa. Tena ilikuwa tamu. Miaka yote hiyo ulikuwa unanificha?”

Kumbe mlango wa kwanza haukuwa umefungwa.

Amesema atakuja Jumapili, kwa siku hiyo tu. Lazima tuzungumze juu ya mkataba.

Jumapili, 19 Novemba.

Amekuja na basi la kwanza. Alikaa kizingitini, akavua viatu, akanyoosha miguu uani kama alivyokuwa akifanya kila jioni kwa miaka ishirini na mitano. Nilisimama. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba hii ina harufu nyingine akiwa ndani yake.

Alisema wanataka jibu keshokutwa. Alisema kule anahitajika, na anapenda kuhitajika. Kisha akasema taratibu, “Neno moja tu, Baba Priscila. Ukisema nirudi, nitarudi; wakunga wengine wapo. Ukinyamaza, nitajua umezoea.”

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi, zima, halina kasoro.

Nikaenda jikoni nikaleta yai la kuchemsha. Nikalikata katikati. Nikasema, tazama rangi.

Alilitazama muda mrefu. Akasema ni zuri. Akalila lote, bila chumvi.

Nikamwonyesha kizimba. Akataka tukisogeze pamoja. Mkono wake ulikuwa karibu na wangu juu ya ubao uleule, kucha zake fupi, nyeupe kwa dawa. Ningeweza kusema wakati ule. Nikasema, kushoto kidogo.

Kikanasa shimoni. Nilikuwa nimekishikilia kisipinduke saa yake ya basi ilipofika, na aliyembebea mkoba hadi barabarani ni Agripina.

Jumatano, 22 Novemba.

Bukuru ameleta habari. Ildefonsa ametia sahihi. Mwaka mzima.

Agripina alisikia naye. Hakusema “Mm.” Alileta ugali na maharage, akaweka mlangoni, akaondoka. Hili limenitisha kuliko habari yenyewe.

Nimelala mchana, upande wangu wa kitanda. Nilipoamka nilichambua mambo kwa kichwa baridi. Je, hakuja? Alikuja, kwa miguu yake. Je, yai hakulila? Alilila lote. Basi njia ni sahihi, na kilichopungua ni nguvu ya hoja. Kuku ni hoja dhaifu. Kila mtu anaye.

Ildefonsa alitaka neno moja tu. Nimelitafuta tangu Jumapili, na jioni hii, nikiwa nafunga kizimba, nimelipata.

Bata.