Kalibu ya Baba

Alhamisi, 26 Novemba 1987. Sikukuu ya Shukrani.
Kosa la wengi ni kuiendesha risasi ya kusubu nyumbani kwa kasi ya risasi ya dukani yenye ganda la shaba. Risasi isiyo na ganda ni laini. Ukiizidishia baruti inajipaka ndani ya mtutu kama siagi, kisha inatoka ikiyumba. Polepole! Nilimfafanulia shemeji Delmar haya yote wakati wa bata mzinga, kwa subira ya mwalimu mstaafu wa sayansi. Akaniambia, Mwalimu, mahubiri yako yanapoza mchuzi. Akasema tangu tumzike baba yangu, kalibu yake ya kusubia risasi haijaangusha hata sungura. Msimu huu ikishindwa kutoa kulungu, ataipigilia msumari ukutani kibandani kwetu msituni, iwe pambo.
Kalibu ya Baba, pambo! Nikakubali.

Ijumaa, 27 Novemba.
Nimesubu gereji, milango wazi. Harufu ya nta ya nyuki ninayozipaka risasi ikanirudisha utotoni: Baba na glavu zake za ngozi, akinionya nisisogee, kisha akinifungulia kalibu niione risasi inavyong'aa. Hakuna asubuhi nzuri kama zile.
Delmar akapita. Akauliza kama risasi yangu itamfikia kulungu kabla hajafa kwa uzee. Nikaongeza baruti. Kidogo. Kisha kidogo tena.
Nikafyatua ya majaribio: shabaha haikuguswa. Ndoo, mbali kushoto, imekufa. Nimesugua mtutu hadi jioni. Verna, mke wangu, ameulizia sufuria yake niliyoyeyushia risasi. Nimemwambia asiipikie tena maisha yake yote. Hakufurahi.

Jumatatu, 30 Novemba. Siku ya kwanza ya msimu.
Theluji. Imani ilinitoka. Nilichopoa risasi moja ya shaba mfukoni mwa koti la Delmar. Moja tu! Ya dharura.
Kulungu dume, pembe zenye ncha nane, chini ya mialoni ile ile alipowindia Baba. Nikalenga bega. Akaanguka papo hapo.
Mzee Clayt, aliyewinda na Baba tangu ujana wao, akavua kofia kwenye baridi. Akasema, baba yako Harlan angekuwepo angelia. Nikalia mimi. Machozi ya kweli! Delmar akanipa mkono: haya shemeji, kalibu imeshinda.

Jumanne, 1 Desemba.
Mchuzi wa bega. Delmar akauma. Krak! Akatoa kitu kinywani, akakipangusa, akakiweka mezani: kipande cha ganda la shaba, kimejikunja kama ua.
Mzee Clayt akauliza kama siku hizi nyuki wanatengeneza shaba. Delmar, kashika taya, akaomba mkasi. Kibandani kwetu anayekosa kulungu hukatwa upindo wa shati. Nikajitetea kwamba sikukosa! Wakapiga kura: wawili kwa mmoja. Upindo wangu na kalibu ya Baba sasa vinaning'inia msumari mmoja.

Jumapili, 6 Desemba.
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa bega. Ningelenga mbavu, shaba ingepita moja kwa moja, na nani angejua?
Upindo wa Baba haukuwahi kufika ukuta ule. Alikaa kimya chini ya mialoni hadi kulungu akaribie kabisa, baruti kidogo, basi. Mimi sina muda huo. Mwakani nitaongeza baruti.
Delmar yuko kanisani hadi adhuhuri. Leo: chukua koleo, nenda kibandani, ng'oa msumari.