Umeme Ukikatika, Mwenzio Hugeuka

Jumapili, 5 Juni 1994

Nimemaliza! Kichwa kinafanya kazi! Kinafumba macho, kinafumbua, kinageuza shingo kushoto na kulia, na redio ikizungumza mdomo unachezacheza kana kwamba ndicho kinachosema. Shingo ni mota ya waipa ya gari, Datsun, nimeipata kwenye vyuma chakavu vya mtaa wa Gerezani. Macho ni mipira ya tenisi ya mezani. Uso ni karatasi, gundi na udongo mweupe wa Pugu. Tangu nipunguzwe kazini sijafurahi hivi.

Biashara nimeipanga. Siuzi kichwa kizima. Nauza vipande ndani ya boksi la sabuni, mteja anajiundia mwenyewe kwake. Anachagua pua: nyembamba, nene au ya kati. Anachagua masikio. Sharubu ni hiari. Kila mtu na kichwa chake, kwa bei ya mtu wa Temeke. Nimekipa jina: Mwenzio.

Mke wangu Demetria alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nikamwomba atazame. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini kinamwangalia yeye. Nikamwambia hakimwangalii mtu, ile ni mipira tu. Akakifunika kwa kanga.

Mwalimu mzima!

Jumanne, 7 Juni

Badru mshenzi. Huyu ana studio ya picha ng'ambo ya barabara, na tangu tuhamie hapa hajawahi kuniacha nipite bila neno. Juzi alijifanya mwema. Akanipiga picha nimekaa na Mwenzio bega kwa bega, eti zawadi ya tangazo. Leo picha iko kwenye kioo cha studio yake, kubwa kama mlango, na chini ameandika: YUPI WA BANDIA?

Mtaa mzima unacheka. Zubeda wa saluni amecheka mpaka akakaa chini.

Lakini kicheko kimeleta wateja! Zubeda mwenyewe amenunua, wa kuvalisha mawigi. Sadallah fundi cherehani amechukua wa kuvalisha kofia. Na Bi Mwanakombo, mama mwenye nyumba wetu, kachagua pua nyembamba na masikio madogo, kamweka barazani kwake. Anasema sisi wapangaji wake tunatupa shikamoo huku tunakimbia, angalau huyu anatulia.

Badru ananitangazia bure na hajui. Nimecheka peke yangu hadi Demetria akaja kuchungulia.

Ijumaa, 10 Juni

Malalamiko. Wateja bwana.

Ni huu mgao wa umeme. Jioni ulipokatika, Sadallah akaja anahema. Kichwa chake kiligeuka baada ya umeme kwenda. Polepole, anasema, kama mtu aliyeitwa. Nikamweleza kwamba mota ya waipa ina mahali pake pa kupumzikia na lazima irudi hapo, dereva yeyote anajua. Akaridhika nusu.

Kisha Zubeda. Yaleyale. Mteja wake ametoka mbio, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama.

Kisha Bi Mwanakombo mwenyewe. Wa kwake ameipa barabara mgongo na anatazama ukuta. Nikamshauri amgeuze. Akasema kamgeuza, akageuka tena.

"Bila umeme, Bibi?"

"Bila umeme, mwanangu."

Nikamwambia ni kapasita, inabaki na umeme ndani. Kusema kweli sina hakika, lakini neno kapasita hunyamazisha watu.

Wa kwangu naye kageukia kabati. Nimelifungua. Mna makoti yangu ya ofisini tu.

Jumamosi, 11 Juni

Siku ya ajabu.

Asubuhi Zubeda alisimama katikati ya njia ameshika kitana, anaelekeza nacho na kusema. Wangu anatazama kule. Wa Sadallah anatazama kule. Wa Bi Mwanakombo, kule. Vidole vya watu wengine vikaanza kuelekeza pia. Vyote vikakutana sehemu moja: chumba cha mwisho uani kwa Bi Mwanakombo, anapokaa Mzee Polikarpo, aliyekuwa dereva wa winchi bandarini. Mtu mpole, hana mke, hana mtoto mjini.

Bi Mwanakombo akauliza nani amemwona mzee wiki hii. Kila mtu alidhani mwenzake amemwona.

Mie nilishauri tusiharakishe, labda kasafiri. Sadallah akausukuma mlango kwa bega.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Mguu umevunjika. Midomo imekauka kama karatasi. Hai! Kiganjani ana kikombe cha bati. Alikuwa anagonga ukuta nacho, siku zote hizo. Ukuta ule upande wa pili ni kabati langu. Nilisikia. Nilidhani panya, hata nikatega mtego.

Badru ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani kwenye teksi. Mwembamba vile! Demetria alilia, akaenda nao hospitali.

Mie nikabaki kuandika tangazo jipya: MWENZIO HUONA USICHOKIONA.

Jumanne, 14 Juni

Mtaa umegawanyika. Wengine wakipita barazani wanakiamkia kichwa kabla ya kumwamkia Bi Mwanakombo. Yeye amekifukizia ubani, asubuhi na jioni, na amenionya nisikiguse bila kunawa. Zubeda amenirudishia wa kwake ndani ya boksi lilelile la sabuni. Anasema hawezi kulala na kitu kinachojua.

Lakini kwa mmoja aliyerudisha, wamekuja kumi! Kutoka Mtoni, kutoka Keko, mpaka mama mmoja kutoka Pugu kwenyewe, ambaye hakutaka kuchagua pua. Alisema nimpe yoyote, yeye anataka macho tu. Nimeishiwa masikio.

Demetria amempelekea Mzee Polikarpo uji. Mguu uko kwenye plasta, anaendelea vizuri, anatusalimu. Ameomba jambo moja: tusimpelekee kichwa. Nimemsamehe, ni mgonjwa.

Alhamisi, 16 Juni

Umeme umekatika mchana kweupe. Nikatoka barabarani kutazama.

Vimegeukia studio ya Badru!

Sikutembea, niliruka. Nikakusanya watu kwanza, kisha nikaingia na kumtangazia mbele yao wote kwamba Mwenzio amemwona na inambidi akapimwe leo hii. Sikumwambia kwa ubaya. Ila sauti ilitoka na furaha kidogo, sikuweza kuizuia.

Badru alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kupigia picha. Jasho limemsimama juu ya mdomo, mkono umeshika tumbo. Akacheka. Akasema, "Adelard, bora nife kuliko kupimwa na waipa ya Datsun."

Watu wakaangua kicheko. Nikaondoka.

Baadaye Bi Mwanakombo alivuka barabara na mkongojo wake kumsihi. Badru akaamka, akampa shikamoo na kiti, akamwambia ni gesi tu, tumbo litatulia. Hakwenda.

Mtu mzima, macho yanaona, masikio yanasikia, anakataa kupimwa kwa kiburi! Sijapata kuona binadamu mwenye kichwa kigumu namna hii.

Demetria anataka nirudi nikamwambie tena, taratibu, tukiwa wawili tu. Nikamuuliza, sasa atakapopona nani atashuhudia kwamba ni mie niliyemwambia?

Amelala amegeukia ukutani.

Jumamosi, 18 Juni

Studio haijafunguliwa. Umeme umerudi tangu jana lakini vichwa havikurudi. Vimekazia pale pale.

Nimefanya jaribio la kitaalamu. Asubuhi niligeuza cha kwangu kitazame kitanda, nikakifunga shingo kwa waya. Nikaenda kununua gundi. Kurudi, waya umelala mezani umenyooka kabisa, na kichwa kinatazama dirishani, kwa Badru.

Nikaitoa mota. Nikaiweka sakafuni, mbali. Kichwa kikabaki udongo na karatasi na mipira miwili. Nikakipa mgongo nikahesabu pua zilizobaki. Nikasikia kitu kinasugua meza, kidogo tu, kama kucha ikipita kwenye ubao.

Sikugeuka haraka. Nilipogeuka kilikuwa kimeshafika.

Hili la mota sitamwambia mtu. Litaharibu maelezo ya kapasita.

Nilivuka barabara, nikabisha kwa Badru. Akaitikia kutoka ndani kwamba amelala, nije kesho nimcheke vizuri. Sauti ndogo. Nikasimama pale kidogo. Nilikuwa nimeandaa neno zuri lakini likanipotea, nikarudi.

Jumapili, 19 Juni

Badru amefariki.

Wamemkuta asubuhi kwenye kile chumba cha giza anachosafishia picha. Kidole tumbo kilipasuka. Daktari amesema angewahi siku mbili tu, ingekuwa kazi ndogo.

Tumemzika baada ya sala ya alasiri. Nilipewa nafasi kwenye jeneza, mbele kushoto. Lilikuwa jepesi. Nilitaka kumwambia mtu hivyo, kwamba ni jepesi, na mtu niliyetaka kumwambia ni Badru.

Kurudi nikapita kwenye kioo. Picha bado ipo. Mie na Mwenzio, YUPI WA BANDIA. Nikaitazama. Nimelia barabarani kama mtoto, Sadallah akanishika mkono hadi nyumbani. Nani atanicheka sasa? Hawa wengine hawajui kucheka.

Vichwa vimelegea. Barazani, dirishani, kwangu, kila kimoja kinatazama upande wake, kama watu wa kawaida.

Jumatano, 22 Juni

Nimepata somo kwa marehemu. Somo ni hili: Mwenzio hakutosha. Mtu wa kiburi hasomi alama za shingo. Kinahitaji honi! Kikishamwona mgonjwa kipige honi mpaka aone haya aende mwenyewe.

Na soko si Temeke tena. Ni maonyesho ya Saba Saba! Nimeanza kuunda vichwa arobaini. Vimejaa mezani, kitandani, juu ya kabati. Vingi havina pua bado. Demetria anapita kati yavyo kwa ubavu, ameinamisha macho. Ameuliza kama hatukuwa na cha kujifunza zaidi ya honi. Nikamwambia honi ndiyo kubwa, mengine ni madogo.

Nimebeba betri za gari za kupigia honi kutoka Gerezani, moja kila mkono. Nzito mno. Kifua kimenibana, mkono wa kushoto unavuta mpaka kwenye taya. Betri tu. Demetria ameuliza tangu lini natoka jasho namna hii mwezi wa sita. Nikambadilishia mazungumzo.

Ijumaa, 24 Juni

Umeme umekatika wakati napaka rangi. Nikasikia ule mkwaruzo, lakini safari hii mwingi, kama mvua inaanza kwenye bati.

Arobaini wote wamenigeukia mie.

Nikahama kiti, wakanifuata. Nikasimama mlangoni, wakanifuata. Wasio na pua, wasio na masikio, wote. Hawajafungiwa hata mota.

Demetria akaingia na beseni la nguo. Akaona. Beseni likamponyoka. Alinijia, akanishika uso kwa mikono yenye povu, akasema, "Mume wangu, twende hospitali. Sasa hivi. Nakuomba."

Nikamweleza kwa utulivu. Mie ndiye niliyeviunda. Kitu kinamtambua fundi wake, hii ni heshima. Akasema, Badru. Nikasema Badru alikuwa na kiburi, mie nina kazi, ni vitu viwili tofauti kabisa. Saba Saba ikiisha nitakwenda, tena kwa miguu yangu. Akaanza kulia, akatoka mbio kumwita Sadallah na teksi.

Nikafunga mlango kwa komeo. Nimeingia chini ya kitanda na shajara hii na kalamu. Ni kwa muda tu, mpaka wakate tamaa waondoke. Kifua kizito, lakini nani kifua hakimbani chini ya kitanda?

Wameshafika. Demetria ananiita. Nimenyamaza kabisa. Sadallah anasema huenda nimetoka nimekwenda Gerezani. Safi. Nikadhani wameondoka.

Sasa Bi Mwanakombo anasema barazani, kwa sauti, kwamba Adelard hajatoka. Yumo. Yuko chini, upande wa dirisha, chini ya kitanda. Anasema amuulize nani zaidi, wakati Mwenzio wa kwake kainamisha shingo anamwonyesha.

Nimeinua shuka nikachungulia. Vyote vimeinama. Arobaini, vinanitazama huku chini.

Hivi mbona sikuliwaza hili mapema! Kinamwona aliyejificha! Polisi watanunua. Forodha watanunua. Wanawake wote wa Dar es Salaam wenye waume watanunua!

Sadallah anapiga mlango kwa bega. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, hausikii kitu, bahati nzuri naandikia wa kulia. Waniache dakika mbili tu. Sijaandika honi iwe ya aina gani.