Ombi la Kuligawa Kundi la Mkate Mweusi Kufuata Vyama

Kuopio, Ufini, Jumatatu asubuhi

Ndugu Msimamizi Ossian,
Kundi la Mtandaoni la Wapenzi wa Mkate Mweusi.

Natumaini barua hii inakukuta salama na donge lako limeumuka vizuri. Mimi mwili sijambo, ila moyo una kishindo. Naandika kwa karatasi kwa sababu kila nikilalamika kundini unanijibu kwa picha ya paka wako kalala juu ya tanuri. Paka ni mzuri, sikatai. Lakini paka hajibu hoja.

Kwa heshima na taadhima, naomba kundi letu ligawanywe sehemu mbili: waokaji wa mrengo wa kushoto na waokaji wa mrengo wa kulia. Sababu zangu ni hizi.

1. Bi Helvi Tirkkonen. Huyu ni rafiki yangu tangu enzi tulipokuwa tukipika pamoja katika jiko la shule, na sasa ni mjumbe mwenzangu humu. Yeye anakaa shamba na anaendesha gari. Mimi nakaa mjini na napanda basi. Wiki ya uchaguzi niliweka picha ya mkate wangu, nikaandika kwa upole kabisa kwamba umeokwa na mtu anayeunga mkono kodi ya mafuta ya magari. Helvi akajibu mbele ya kadamnasi: "Aune shoga, ndiyo maana umeungua chini." Haukuungua, Ndugu Msimamizi. Ile ni rangi yake.

2. Nilipomfafanulia kwamba fedha za kodi zitaleta treni, alijibu: "Hiyo treni itanifuata mpaka mlangoni na gunia langu la viazi, au niibebe mgongoni?" Watu walicheka mpaka wakajisahau. Hata wewe uliweka alama ya kicheko, kisha ukaiondoa haraka. Niliiona.

3. Chachu. Hapa naomba usome ukiwa umeketi. Chachu anayookea Helvi ni yangu. Nilimpa mimi ndani ya chupa ya jamu, nami nilipewa na marehemu mama mkwe, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpa mtu kitu kingine chochote. Maana yake, kila anapokwenda kuwapigia kura wale watu wake, Helvi amekula mkate ulioumuliwa na chachu ya kushoto! Nikamwandikia anirudishie mali yangu. Akasema: "Njoo uichukue. Ila imeshaolewa na unga wa huku, sijui utaitambuaje." Nimelitafakari swali hilo kwa kina na sijapata jibu, jambo linaloonyesha wazi ujeuri wake.

4. Hapo ndipo nami nikamwita adui wa theluji. Niliandika kwamba watu wa aina yake, kwa moshi wa magari yao, watawaachia wajukuu zetu matope ya kutelezea badala ya theluji. Nakiri lilikuwa neno zito, lakini nilitarajia anijibu zito zaidi, maana ndivyo alivyo. Akanyamaza. Mpaka leo yu kimya. Nimeweka makusudi picha ya mkate uliopasuka katikati kama kisigino, mkate ambao Helvi ninayemjua mimi angeusema mpaka jioni. Hakusema neno. Naomba kanuni za kundi zitamke bayana kwamba kumnyamazia mtu ni aina ya matusi, tena matusi ya nguoni.

5. Utaniuliza: tukishagawanywa, je, amani itapatikana? Bado. Kwetu kushoto yumo Pentti, anayeunga mkono kodi lakini anatia asali ya miwa kwenye mkate. Siwezi kuishi kundi moja na mtu huyo. Yumo Saimi, anayetaka treni lakini zile za polepole. Hao wapewe kundi lao, wagombane wenyewe. Tutabaki mimi na Jalmari, mtu mstaarabu sana, isipokuwa juzi aliandika kwamba "kila upande una lake la maana." Jalmari naye aondoke. Kwa hesabu hiyo kundi la mwisho, lile safi kabisa, litakuwa na mjumbe mmoja, yaani mimi. Nitakuwa msimamizi, mweka picha, na mshindi wa mkate bora wa wiki. Hakutatokea ugomvi wowote.

6. Mwisho, naomba ofisi yako imjulishe Bi Helvi kwa maandishi kwamba simkumbuki hata kidogo. Ningemwambia mwenyewe, lakini naona haya kuanza mazungumzo.

Nakuomba ulitazame jambo hili kabla mikate haijapoa na urafiki haujaota ukungu. Nisalimie mkeo, watoto, na paka licha ya yote. Wasalimie wajumbe wa kulia na wa kushoto, isipokuwa mmoja, unamjua. Huyo msalimie mara mbili, asije akadhani nimemsahau kwa bahati mbaya.

Wako katika kudai haki na kukanda unga,

Aune Pirhonen

N.B. Bahasha nimeshaibandika stempu, kwa hiyo barua lazima iende, lakini ukishaisoma ichane. Niliona heri nianze kwa kulijaribu lile kundi la mtu mmoja. Nimelifungua, nikaandika kwamba kodi ya mafuta ni jambo jema. Hakuna aliyebisha. Nikachemsha kahawa, nikarudi, bado hakuna. Amani ilikuwa nyingi mpaka masikio yakavuma. Nikaanza kujiuliza kama kodi ile kweli haimwonei mtu wa shamba asiye na basi, na papo hapo nikajikuta nambishia mjumbe wangu wa pekee, naye akawa anaelekea kushindwa! Ikabidi nimwite Helvi mbio mbio aje anitetee dhidi yangu. Aliingia kabla sijaweka simu mezani. Nanukuu ujumbe wake wote, nami nauandika huku machozi na kicheko vikigombania uso: "Kwanza, umekosea. Pili, hata hilo ambalo hujalisema bado, umekosea. Tatu, shoga, umeshakula?"