Teluri Kabla ya Iodini

Jumatatu, 6 Oktoba
Daktari anasema moyo wangu huenda usifike Krismasi. Basi niandike nililolificha miaka hamsini na tisa. Jedwali la elementi la vigae, pale ukutani shuleni kwetu Thunder Bay, nililipanga mimi, Clarence Tweedie. Iodini imetangulia teluri. Ni kosa. Mkaguzi alipoliona nilimwambia ni kazi ya Aune Kettunen, mwalimu mwenzangu. Vigae vikaachwa vilivyo, saruji ilikuwa imeshakauka. Nikawa mkuu wa idara. Aune akahamishiwa darasa la upishi. Sasa tunaishi makao haya haya ya wazee, milango yetu inatazamana. Ijumaa maabara inapewa jina langu. Lazima nimwombe radhi kabla ya hapo. Kwanza nimlainishe.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempelekea pai ya buluberi. Aliniuliza nimemuua nani. Ujasiri ukaniishia. Nikazunguka: je, iodini si nyepesi kuliko teluri? Si haki itangulie? Aune aliweka uma chini. “We Clarence, uzito haupangi foleni.” Akatenga buluberi tano, vile vitunda vya buluu. Hizo ni protoni ndani ya kiini, akasema, na zikiwa tano, hiyo ni boroni. Akaongeza ya sita: ni kaboni. Kisha akamwagia makombo ya pai. Hayo ni nyutroni. Yaongeze utakavyo, uzito utapanda, kaboni itabaki kaboni. Namba ya atomu ni hesabu ya protoni, basi. Teluri hamsini na mbili, iodini hamsini na tatu.

Aibu. Mwaka 1966 nilikuwa na shahada ya historia. Ukurasa wa kitabu ulilowa kahawa kwenye mstari ule, nikapanga kwa uzito, kisha nikavipa vigae namba kwa mfuatano. Nilidhani namba ya atomu ni kama kile kikaratasi cha zamu unachochukua kwa muuza nyama.

Jumatano, 8 Oktoba
Mpango bora: kosa likitoweka, radhi ya nini? Teksi hadi shuleni, kigari cha kutembelea, bisibisi. Saruji ya 1966 ni imara ajabu. Iodini ikapasuka vipande vitatu. Mwalimu mkuu, Bi Pawluk, akanikuta. Nilisema napangusa vumbi. Akauliza, kwa bisibisi, babu? Nikakubali kwamba vigae viwili vimebadilishana nafasi. Amemwita fundi. Amenirudisha kwa gari lake, mkanda kanifunga yeye.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia Aune yote. Alimaliza kwanza pulla yake, mkate mtamu wa Kifini. Kisha akasema anajua tangu siku ile. Nani mwingine shuleni aliyekuwa akiandika saba kama jembe, kama zile za kwenye vigae? Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Anataka kitu kimoja: kesho, mbele ya watu, niseme jedwali halikuwa kazi yake. Mpwa wake, mtu mzima na mvi zake, bado humwita Shangazi Iodini mezani. Nimeapa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ukumbi umejaa. Aune mstari wa mbele, koti la buluu, lipstiki. Nilipewa kipaza sauti. Nilianza vizuri: nilisema jedwali lilikosewa, na sasa limenyooka. Nilikuwa nakaribia kabisa. Bi Pawluk akauliza kwa furaha, kana kwamba hajui, ni nani aliyeligundua kosa baada ya miaka yote hiyo. Watu walikwisha kuanza kupiga makofi.

Nilisema ni mimi.

Aune aliondoka kabla ya chai. Jina la aliyekosea sikulitaja.