Alama Sitini na Moja za Tezi Yangu

Jumatatu, 5 Machi 2001

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia tangu kabla ya Noeli. Si uvivu, ingawa nyumba hii yote inauita hivyo. Nilikuwa mgonjwa. Nililala mchana, nikaamka nimechoka, nikalala tena. Nilivaa koti la sufu katika jua la Kisangani; vijana wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakaniita Bwana Ulaya. Nilisahau majina ya watu, mimi niliyeita darasa zima bila kutazama daftari. Na sauti! Sauti iliyosoma Mateso ya Bwana kila Jumapili ya Matawi tangu kanisa letu la Tshopo likiwa na paa la majani. Ilikauka ikawa kama mlango wenye bawaba mbovu.

Julie, binti wa marehemu dada yangu, ni muuguzi. Anaishi kwangu, au tuseme naishi chini ya amri yake. Alinitoa damu. Kipimo hicho hapa hakuna, na mto umefungwa kwa vita. Basi damu ikawekwa katika chupa ya chai iliyojaa barafu, ikapanda ndege ya Télesphore, mfanyabiashara wa Butembo anayetuletea chumvi na sabuni, ikavuka mpaka. Damu yangu imesafiri kuliko mimi.

Jibu lilikuja Januari: tezi ya shingoni. Julie alinieleza kwa urefu. Nikalala katikati ya maelezo. Nilipoamka nikakabidhiwa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yangu yote.

Karatasi niliisoma mwenyewe. Nimesahihisha karatasi tangu ujana, sihitaji mkalimani. TSH: 61. Pembeni, kiwango: 0,4 hadi 4. Sitini na moja, mahali ambapo watahini hawakutarajia mtu kupita nne! Chini yake, kingamwili: zaidi ya 1000. Mgonjwa, naam. Lakini mgonjwa mwenye alama za juu.

Jumatano, 7 Machi

Ndege imetua. Majibu yangu ya pili. Safari hii Zacharie naye alipimwa, kwa kuwa moyo ulimwenda mbio. Damu zetu zilikaa katika chupa moja, jambo nililolipinga.

Zacharie nilimfundisha. Alipofeli nilimrudisha darasa la sita. Leo ana duka la vitambaa na sauti ya kengele, na anaitaka nafasi yangu ya Msimulizi wa Mateso. Hajasema. Lakini hukohoa vizuri sana karibu na Padri.

Zacharie: 2,1. Maskini!

Mimi: 19.

Kumi na tisa, kutoka sitini na moja! Julie alinikumbatia, akasema Mungu ni mwema. Nimewaona wazazi wa namna hiyo. Humpongeza mtoto aliyeanguka mtihani ili asijitupe mtoni. Ni kweli nimepata nguvu kidogo tangu Januari, lakini hiyo ni kazi ya samaki ninaokula. Alama ndizo zimeanguka. Na nini kimebadilika tangu Noeli? Vidonge tu.

Kuanzia kesho simezi. Julie hunisimamia kila asubuhi. Kidonge nitakiweka chini ya ulimi, kisha mfukoni mwa koti.

Ijumaa, 9 Machi

Kwa Padri Isaïe, nikiwa na karatasi ya zamani. Ya 19 iko chini ya godoro. Nilimweleza kwa huruma kwamba Zacharie ana 2,1, na kwamba si haki kumtwika kijana mwenye tezi dhaifu Mateso yote ya Bwana. Kijana huyo ana wajukuu, lakini kwangu ni mwanafunzi.

Padri aligeuza karatasi juu chini. Alisema yeye alisomea teolojia. Akauliza kama hiyo 61 haiumi. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba nimeizoea. Ataamua msomaji siku ya mazoezi, tarehe 28. Nikatoka kifua mbele.

Jumapili, 18 Machi

Baada ya Misa, Zacharie aliwatangazia watu mlangoni kwamba ana 2,1, ashukuriwe Mungu. Mtu anashukuru kwa 2,1! Ndivyo alivyokuwa darasani pia; alipokea karatasi yake akitabasamu. Kisha akaniambia kwamba uso wangu umevimba kidogo, nipumzike. Wivu.

Jumapili, 25 Machi

Baridi imerudi. Kanisani watu walijipepea kwa vitabu vya nyimbo, mimi nikafunga vifungo vya koti vyote. Miguu mizito. Nimelala tangu Misa mpaka sasa. Nahisi kabisa alama zinapanda.

Jumatano, 28 Machi

Mazoezi. Nitaandika kwa ufupi.

Nilianza vizuri, bustanini. Watu walinyamaza; nilidhani ni heshima. Kumbe walikuwa wakijaribu kunisikia. Kwa Kayafa sauti ilikatika. Nikakaa kidogo kwenye benchi ili jogoo apate nafasi ya kuwika. Nilipofumbua macho, Bwana alikwisha kuzikwa. Zacharie alikuwa amemalizia kurasa zote zilizobaki, na mtu alikuwa amenifunika kwa kitenge. Nilipouliza ni cha nani, niliambiwa kimetoka dukani kwa Zacharie.

Padri alimpa Zacharie kitabu.

Nilirudi kwa toleka. Kijana hakuniita Bwana Ulaya. Aliendesha polepole, akiniuliza kila mara kama bado nimeshika kiti.

Jumamosi, 31 Machi

Julie alilichukua koti kulifua. Nilipinga. Nilipinga mno, ndilo kosa langu. Alitia mkono mfukoni, akatoa vidonge vimegandamana na kitambaa kama punje za wali. Hakufoka. Ingekuwa nafuu. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akavitazama.

Nikalazimika kumweleza. Mtihani, alama, 61, kuporomoka hadi 19, na 2,1 ya Zacharie. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Ninayaandika aliyoyasema kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha mjini, ambamo mjomba ni Tonton na askari ni basoda.

«Tonton, unakumbuka mwezi ya sita, mwaka ilipita?»

Nani hapa mjini asiyeukumbuka? Majeshi mawili yaliyokuja yakijiita marafiki yalipigana kwa mabomu juu ya mapaa yetu. Mimi na yeye tulilala chini ya kitanda, sufuria kichwani.

«Bon. Njo vile mwili yako inafanya. Basoda banapiga nyumba ile balikuja kulinda. Ile elfu moja iko hesabu ya basoda, Tonton. Haiko alama.»

Nikauliza kuhusu 61.

«Ile iko kelele. Kichwa inapigia tezi kelele: fanya kazi. Tezi inashindwa, kichwa inaongeza kelele. Donc, kidonge inafanya kazi pa nafasi ya tezi, na kichwa inatulia. 61, 19, inashuka. Wewe ulikuwa mwalimu. Siku ile ulipiga kelele sana, darasa ilikuwa inafanya muzuri?»

Nililikumbuka darasa moja ambalo nililifokea mpaka nikasikika sokoni. Halikuwa darasa zuri.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu Zacharie.

«Zacharie iko normal. Kichwa yake inanongona tu.»

Kisha akakwangua vidonge kwenye kitambaa kwa ukucha. Aliposema tena hakunitazama.

«Ungeendelea, Tonton, ungelala siku moja, hauamuke. Nilikuwa na mama na wewe. Sasa niko na wewe tu.»

Nilimeza kimoja mbele yake. Nikafungua kinywa, nikainua ulimi, akanikagua kama mtoto wa chekechea.

Jumamosi, 7 Aprili

Wiki nzima ukaguzi wa ulimi. Bado nasinzia, lakini leo vifungo viwili vya koti viko wazi.

Zacharie alikuja. Nilijifanya nimelala, nina uzoefu. Akakaa. Alileta kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kuchoma, harufu ikaniamsha. Akasema kwa aibu kwamba anaogopa kesho, kwamba tangu darasa la sita hajasoma mbele yangu bila kutetemeka, na kama Mwalimu ana nguvu, amsikilize. Nilimsikiliza. Anasoma upesi mno. Nilimwambia apunguze mwendo kwa Pilato, na baada ya machozi ya Petro anyamaze kidogo, awaache watu na Petro wao. Alirudia mpaka samaki akapoa. Sikumfokea hata mara moja. Nilitaka kuona kama kweli darasa hufanya vizuri kwa mnong'ono. Lilifanya vizuri. Inaudhi.

Jumapili, 8 Aprili. Matawi

Alisoma. Nilikaa kwenye benchi ya tatu, tawi mkononi, Julie ubavuni. Baada ya machozi ya Petro alinyamaza kama nilivyomwambia, na kanisa lote likanyamaza naye, hata watoto. Nami nilitokwa na machozi. Julie asema ni tezi. Ugonjwa huu huleta huzuni. Nimekubali maelezo hayo.

Nje, Zacharie aliwaambia watu kwamba Mwalimu amemrudisha darasa la sita mara ya pili, na safari hii amefaulu. Walicheka. Nilicheka pia, kwa sauti mbovu.

Jumanne, 10 Aprili

Shajara, nimekuwa mjinga, nakiri. Nimeusoma mtihani kichwa chini, miguu juu. Sasa nimeuelewa. Yaani kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mtu anavyofaulu.

Basi tufikiri kwa utaratibu. Zacharie ana 2,1. Hakuna ajabu hapo. Kwa mujibu wa Julie, nusu ya parokia ingepata hiyo. Lakini nani ana sifuri? Hakuna. Kidonge kimoja kwa siku kilinishusha kutoka 61 hadi 19. Hesabu ya darasa la tatu inaeleza wazi vingi vitafanya nini. Na Ijumaa Kuu Mateso husomwa tena, na Padri Isaïe bado hajataja msomaji.

Julie amefungia vidonge sandukuni. Lakini Télesphore yuko mjini hadi Pasaka, na vidonge hivyohivyo huviuza. Nilipita kwake asubuhi, koti begani. Aliniuliza nahitaji vya siku ngapi. Nikamwambia nitarudi na jibu.

Bado sijaamua kama ni vitatu kwa siku au vinne. Nikishaamua, shajara, wewe ndiwe utakayeandikiwa. Julie ana wagonjwa wengi, sipendi kumsumbua.