Diwani Bumanglag Afungua Darasa la Watoto Wenye Usonji

Mheshimiwa Meya, uliyewakilishwa na dereva wako, Baba Padri, Mheshimiwa mke wangu, Malkia wa Urembo wa San Telmo wa mwaka huu, na wa mwaka jana ambaye hajarudisha taji, wazazi, walimu, na ninyi wengine mliofuata tambi za pansit, hamjambo? (Hatujambo! Pansit iko wapi?) Inakuja, tulieni.

Mimi, Crisanto Bumanglag, diwani wenu kwa mihula mitatu mfululizo, nimesimama mbele ya utepe huu kuzindua Kituo cha Umahiri wa Mawasiliano Shirikishi kwa Watoto Wenye Usonji, ambacho, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, kitainua mawasiliano kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Makofi ya mke wake.) Naona watoto wameziba masikio kwa heshima. (Mwalimu Pilar: "Diwani, ni spika hiyo. Inawaumiza. Punguza kidogo, tafadhali.") Fundi, punguza, ila jina langu lisikike.

Nanang Felisa, simama wakuone. Ndugu zangu, binti wa mama huyu, Lirio, ana miaka tisa na hasemi. Mwaka jana aliumwa jino siku nne, akawa anajigonga kichwa ukutani, na hakuna aliyejua kumbe ni jino. ("Siku sita," anasema Nanang Felisa.) Siku sita, nakubali marekebisho. Tangu hapo Mwalimu Pilar anamfundisha kwa kadi za picha, nyumbani kwa mwalimu mwenyewe, kati ya friji na mashine ya kufulia: mtoto anachagua kadi, anakupa mkononi, nawe unajua anachotaka. Wengine kumi na mmoja wanasubiri, na pale hapana hata pa kuweka kigoda. Nilipoliona hilo nililia, na picha zangu nikilia zinapatikana ofisini. (Kicheko.) Nikaahidi kwamba Jumatatu watoto wote wataingia darasani. (Makofi makubwa. Nanang Felisa anafuta macho.)

Basi tuseme pamoja: Kila mtoto na sauti yake! (Na sauti yake!) Bumanglag ni vitendo! (Pansit!)

Kwa kumalizia, nawashukuru sana wenye duka la uchapaji, waliotuchapia turubai hili lenye picha ya jengo, madirisha, bustani na sura yangu juu ya paa, kwa ubora kiasi kwamba hata Baba Padri ameutafuta mlango. Wazazi mlio mbele, msiegemee ukuta, mtaangukia migomba. Na kuhusu Jumatatu, mchakato wa kutafuta kiwanja utaanza baada ya tathmini.

Naam, Lirio, njoo. Ananiletea kadi, mpigapicha, sogea hapa. Asante, mwanangu. Mwalimu, hii inasemaje?

("Inasema 'fungua', Diwani. Anaomba umfungulie mlango.")

Ah. Mwambie basi kwamba ni picha tu.

("Mwambie wewe. Anasikia vizuri.")